Chumba cha 3 kinachemka, cha 5 kinaganda: kisa cha manifoldi moja kwenye miteremko ya Meru

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya wageni mkoani Arusha. Jina la nyumba, kijiji, mwenyewe na mafundi walionitangulia nimeyaondoa, na namba za vyumba nimezibadilisha. Nakiandika kwa ajili ya mafundi bomba na mafundi umeme wanaoanza kukutana na sakafu za joto, kazi ambayo wengi wetu tumejifunzia site. Makosa yangu nayo yamo.

Usuli

Mtu wa Dar ukimwambia kuna nyumba Tanzania imewekewa mfumo wa kupasha joto, atadhani unamtania. Aje Arusha mwezi wa saba, apande kidogo kwenye miteremko ya Meru, alale usiku mmoja. Nyumba hii iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, na alfajiri moja tulipima nje digrii 9.

Mwenye nyumba, mama wa makamo, alijenga vyumba sita na sebule moja kubwa, sakafu za saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa. Chini ya sakafu yalilazwa mabomba ya maji ya moto. Boila ya gesi inapasha maji, pampu inayasukuma, yanazunguka ndani ya zege, yanarudi yamepoa kidogo, yanapashwa tena. Vifaa vyote vililetwa kwa kontena pamoja na madirisha.

Wazee wa huku kaskazini hawakuhangaika hivi. Nyumba ya zamani ya Wachagga ililaza ng'ombe na mbuzi ndani pamoja na watu, moto ukiwaka humo humo, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja hapakuwa na la kugawa. Kugawa joto ni shida ya watu wenye kuta.

Manifoldi ilivyokaa

Fungua kabati la ukutani kwenye korido, jirani na chumba cha 1. Utaona mabomba mawili mafupi ya chuma cha pua, yamelala moja juu ya jingine: hiyo ndiyo manifoldi, kituo cha kugawia maji vyumbani. La juu linapokea maji ya moto, nalo lina matundu manane. Kila tundu linaanzisha mzunguko wake wa bomba la plastiki la milimita 16, linalokwenda hadi chumbani, linajikunja-kunja ndani ya zege kila sentimita 20, kisha linarudi kwenye bomba la chini. Vyumba sita vina mzunguko mmoja mmoja, sebule ina miwili.

Kila mzunguko una kikombe kidogo cha plastiki angavu chenye kijiti chekundu ndani, kinachoonyesha lita ngapi zinapita kwa dakika. Hiyo ndiyo geji ya mtiririko, na ukiizungusha unabana au unalegeza maji. Kwenye bomba la marejeo, kila mzunguko una valvu, na juu ya valvu kimekaa kichwa cha umeme kinachopokea amri ya themostati ya chumba, kile kifaa ambacho mgeni anachagulia joto analotaka: kukiwa na baridi kinafungua, joto likitosha kinafunga. Kikikosekana kichwa, valvu inakaa wazi usiku na mchana. Lishike hilo, litarudi.

Kabla ya kufika hapo, maji yanapita kwenye valvu ya kuchanganya. Boila inatoa maji ya digrii 60 au zaidi, na sakafu haiyataki ya moto kiasi hicho. Valvu hiyo huyachanganya na yaliyorudi yamepoa hadi yafike digrii ulizoweka, hapa 40. Kiwango cha Ulaya cha EN 1264 kinataka uso wa sakafu ya chumba cha kukaa usizidi digrii 29, na bafuni 33.

Aliyekulia Machame au Marangu, akatumwa na babu yake kwenda kufungulia mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, anaijua manifoldi tayari. Maji ya mfereji mkuu hayaulizi nani ana migomba mingi, yanakwenda kule kusiko na kikwazo. Shamba la karibu linatota, la mwisho linapata unyevu wa kuombea. Ndiyo maana penye mchepuko wa karibu huwekwa jiwe na tope, maji yabanwe, yafike na kwa wa chini. Geji zile za mtiririko ni mawe yetu.

Mambo yalivyofuatana

Nyumba ilifunguliwa mwezi wa sita. Wiki ya kwanza tu, wageni wa chumba cha 6, cha mwisho kwenye korido, wakaomba mablanketi. Fundi aliyefunga mfumo akaja, akapandisha boila kutoka digrii 60 hadi 75. Hakuna kilichobadilika, wala kisingeweza kubadilika: valvu ya kuchanganya ilikuwa imewekwa 40, na boila hata ingetoa maji ya 80, kwenye manifoldi yangefika ya 40. Alipogundua hilo, akaifungua valvu hadi 52. Chumba cha 1 kikawa jiko. Mgeni mmoja alitandika taulo kutoka kitandani hadi bafuni ili apate pa kukanyaga. Chumba cha 6 kilibaki digrii 17.

Siku chache baadaye umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kichwa cha umeme cha mzunguko wa 6 kikafa. Mjini hakikupatikana kingine. Fundi akachomoa cha chumba cha 1, akakipeleka cha 6, akaacha valvu ya 1 uchi. Simlaumu sana, hata mimi ningeweza kufanya hivyo jioni ya Jumamosi wageni wakiwa njiani. Lakini hakuandika popote, na chumba kilicho karibu kuliko vyote kikabaki hakina wa kukifunga.

Akaja fundi wa pili. Yeye alisema pampu ni ndogo. Iliyokuwepo ilikuwa na uwezo wa kusukuma maji hadi kimo cha mita 4, akaweka ya mita 8. Usiku ule mabomba yakaanza kupiga mluzi ndani ya kabati, na kijiti cha mzunguko wa 1 kikagota juu kabisa.

Wakati huo huo kulikuwa na vyumba viwili ambavyo hakuna aliyevielewa. Kijana wa mapokezi alikuwa akiandika malalamiko kwenye daftari la shule, nami namshukuru mpaka leo. Ukurasa mmoja: "3 joto sana wamefungua dirisha, 5 baridi." Siku nne mfululizo hivyo hivyo. Kisha, baada ya umeme kukatika: "5 joto, 3 baridi." Ukurasa mzima wa namna hiyo.

Mama alinipigia simu mwisho wa mwezi wa saba. Hakunizungusha.

"Fundi, mtungi wa kilo 38 unaisha siku nne, na usiku madirisha yako wazi. Mimi nanunua gesi ya kuwapashia kunguru."

Siku niliyojidanganya

Nilifika, nikasalimu, nikapelekwa moja kwa moja kabatini. Kijiti cha mzunguko wa 1 kilikuwa juu ya 4. Cha mzunguko wa 6 kilikuwa 0.9.

Mchoro wa mabomba haukuwepo. Lakini mabomba haya huchapwa namba kwa kila mita, na kama fundi hakuunga katikati, unaweza kusoma urefu wa mzunguko bila kuvunja kitu. Nilifuta vumbi la saruji kwa kidole gumba, nikamulika kwa tochi ya simu. Mzunguko wa 6: upande wa kwenda 014, upande wa kurudi 126. Mita 112. Mzunguko wa 1: mita 45. Kwa bomba la milimita 16 mafundi wengi hatupendi kupita mita 100, kwa hiyo cha 6 kilizaliwa na deni. Chumba chenyewe kina mita za mraba 16, yaani mita 80 za bomba, na nyingine 32 ni za kwenda na kurudi koridoni.

Mizunguko yote inasukumwa na pampu moja kwa nguvu ile ile, hivyo mrefu unapitisha maji machache. Kwa urefu ule, cha 1 kilipaswa kupata kama mara 1.7 ya cha 6. Kilikuwa kinapata zaidi ya mara 4. Pengo hilo halikuelezeka kwa urefu peke yake. Nikashuku hewa iliyonasa ndani ya bomba na kuzuia maji.

Nilifunga mizunguko yote, nikafungua wa 6 peke yake, nikaunga mpira wa maji upande mmoja na kutumbukiza mwingine kwenye ndoo. Ulikohoa dakika nzima, ukatulia, ukakohoa tena. Nilipourudisha kwenye mfumo, kijiti kilipanda hadi 2.3. Jioni chumba cha 6 kilikuwa digrii 20 na mama alicheka kwa mara ya kwanza. Nikalipwa, nikapanda bodaboda, nikateremka mjini nikijiona bingwa.

Siku ya tatu simu ikaita. Chumba cha 6 kizuri, cha 1 bado kinaunguza, na cha 3 na cha 5 wako kwenye mchezo wao ule ule. Siku niliyokwenda vyumba hivyo viwili vilikuwa vitupu na nilivipita. Daftari la kijana lilikuwepo mezani, na sikulifungua.

Kupiga deki

Safari ya pili nilikwenda asubuhi, vyumba vyote vikiwa vitupu. Nilishusha themostati zote hadi 10, valvu ya chumba cha 1 nikaifunga kwa kifuniko chake cha mkono, nikangoja. Vichwa vile vya umeme vina nta ndani inayopata joto na kupoa, hivyo huchukua dakika kadhaa kufunga. Vijiti vyote vikalala sifuri. Kisha nikamwambia kijana apandishe themostati ya chumba cha 3 peke yake, na mimi nikabaki kabatini.

Dakika ya nne, kichwa kilichoandikwa 5 kikainuka. Kijiti cha 5 kikapanda.

Hapo kuna mtego. Namba zile zilikuwa vipande vya karatasi ya gundi vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino, na vingine vilikwisha kudondoka vikarudishwa. Inawezekana bomba lililoandikwa 5 kwa kweli linakwenda chumba cha 3. Ikiwa hivyo, waya uko sahihi, kilichokosewa ni karatasi, na ukibadilisha waya unaharibu kitu kizima. Kabati haliwezi kukujibu swali hilo. Anayelijua jibu ni sakafu.

Nilimwomba dada wa usafi apige deki vyumba vyote viwili, maji mengi, asikaushe, afunge madirisha. Tukanywa chai. Karibu saa moja baadaye tukafungua. Chumba cha 3, sakafu ilikuwa bado inang'aa maji. Chumba cha 5 kilikuwa kimeanza kukauka kwa mistari, mstari mkavu, mstari wenye unyevu, sentimita 20 kwa 20, ikipinda kwenye kona kama ng'ombe alivyogeuza jembe.

"Kaka," dada akasema, "hiki kimekuwa kama kitenge."

Themostati ya chumba cha 3 ilikuwa inapasha chumba cha 5. Tukageuza jaribio, na ya 5 ikapasha cha 3. Waya mbili za rangi moja zilikuwa zimebadilishana kiti.

Fikiria sasa usiku ulivyokuwa. Mgeni wa chumba cha 3 anahisi joto, anashusha themostati yake. Anayefungiwa maji ni wa chumba cha 5. Huyo wa 5 anahisi baridi, anapandisha ya kwake, na maji ya moto yanakwenda kwa wa 3, ambaye tayari anatokwa jasho na anashusha zaidi. Kila mmoja akijitibu anamuumiza mwenzake, na mwenzake akijitetea anamrudishia. Hata vyumba vikiwa vitupu mambo hayatulii: chumba chenye joto kinafunga chenye baridi, na chenye baridi kinaendelea kufungulia chenye joto. Kikishaanza upande mmoja kinagandia huko, mpaka kitu kivuruge mpangilio. Umeme ukikatika usiku, vyote viwili vinapoa, na ukirudi anayeanza kupata joto kwanza ndiye mshindi wa siku hizo. Ndiyo maana ya ule ukurasa uliogeuka.

Maamuzi na sababu zake

Waya zilibadilishwa kwa dakika mbili. Yaliyobaki niliamua kuyafanya moja moja, kila moja na usiku wake, kwa sababu nyumba hii ilikuwa imeshafanyiwa marekebisho matatu kwa pupa na hakuna aliyeweza kusema lipi lilisaidia na lipi liliharibu. Mama hakufurahi, kwani vyumba viwili havikupokea wageni usiku wa pili na wa tatu.

Valvu ya kuchanganya ilirudi 40. Hapo hapakuwa na mjadala.

Pampu ilikuwa na mjadala. Niliomba ile ya mita 4 irudi, na mama akaniuliza, kwa haki kabisa, kama namwambia alitupa hela. Nilimfanyia hesabu kwenye nyuma ya risiti. Eneo lote ni mita za mraba 106, na nilikadiria wati 60 kwa kila mita ya mraba, jumla kama kilowati 6.4. Lita 1 kwa dakika ikipoa digrii 7 huacha chumbani kama wati 490. Nyumba nzima basi inahitaji lita 13 kwa dakika, na mzunguko mgumu kuliko wote, wa 6, unahitaji lita 2, ambazo kwenye mita 112 zinadai msukumo wa kama mita 1.5. Pampu ndogo ilikuwa na akiba. Kubwa ilikuwa inamwongezea maji yule aliyekuwa nayo tayari, na mluzi juu. Tulikubaliana tuijaribu ndogo usiku mitatu, kubwa ikae pembeni.

Kwenye geji nilikosea kwanza. Niliweka mizunguko yote 1.6, nikaona haki imetendeka. Asubuhi chumba cha 1, chenye mita za mraba 9, kilikuwa na joto la kusinzia, na cha 6 kilikuwa 18. Usawa wa maji haukuwa usawa wa joto. Nikarudia kwa mahitaji: chumba cha 1 lita 1.1, cha 2 lita 1.2, cha 3 na cha 4 lita 1.5, cha 5 lita 1.6, cha 6 lita 2.0, na mizunguko ya sebule 2.1 kila mmoja. Kuzungusha geji moja kunazisogeza nyingine zote, kwa hiyo nilizunguka mara tatu hadi zikatulia. Anayeondoka baada ya kuzipitia mara moja tu anaacha namba ambazo hazipo tena.

Kichwa cha umeme cha chumba cha 1 kiliagizwa, kikafika baada ya wiki mbili. Hadi hapo valvu ile ilibanwa kwa mkono.

Matokeo

Usiku wa sita vyumba vyote vilikuwa kati ya digrii 20 na 22. Sakafu ya chumba cha 1 ilishuka kutoka 35 hadi 26, kwa kipimajoto kile cha kulenga paji la uso tulichokizoea wakati wa Korona, ambacho kina kitufe cha kupima vitu. Mluzi uliisha. Mtungi wa kilo 38 ukaanza kudumu siku saba. Hesabu inaikubali: kilo moja ya gesi ina kama kilowati-saa 12.8, ukitoa inayopotea kwenye boila, mtungi unabaki na 430 hivi, na kilowati 6.4 kwa saa kumi za usiku ni 64.

Pampu ya mita 8 iko stoo.

Uchambuzi

Kilichotuchelewesha ni kwamba makosa yalikuwa matatu na yalifichana. Hewa ya mzunguko wa 6 ilifanya kila mtu aamini joto ni dogo, na imani hiyo ikaleta maji ya digrii 52 na pampu kubwa. Valvu iliyo uchi ya chumba cha 1 ikaonekana kama matokeo ya maji ya digrii 52, kumbe ingeunguza hata kwa 45. Na waya zilizobadilishana zikaonekana kama uchovu wa pampu, kwa kuwa joto lilikuwa linahama.

Kosa la waya lilijificha vizuri zaidi kwa sababu kila kipande kilikuwa kizima. Fundi umeme alipima themostati ya 3, ikalia tiki. Akapima vichwa, vikafungua. Fundi bomba alipima maji, yakapita. Kila mmoja alikagua chake na kukikuta sawa, wakafunga kazi kwa siku tofauti bila kuonana. Jaribio la kuwasha chumba kimoja na kwenda kukikanyaga halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, maana linaanzia kwenye umeme na kuishia kwenye sakafu.

Zege nalo linasaidia kudanganya. Ukigeuza kitu saa kumi jioni, sakafu inajibu saa mbili usiku, na wakati huo fundi yuko nyumbani. Mgeni anayepandisha themostati na kuona kimya anapandisha tena. Kwa mfumo wa aina hii, fundi asiyelala kwenye nyumba angalau usiku mmoja, au asiyeachiwa daftari kama la yule kijana, anafanya kazi kwa kubahatisha. Mimi safari ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, isipokuwa nilibahatisha kitu kimoja sahihi, na kufanikiwa huko ndiko kulikonifanya niache kutafuta.

Kilichofanya kazi kilikuwa cha bei ndogo: namba zilizochapwa kwenye bomba, ndoo, deki, na subira ya kugusa kitu kimoja kwa usiku mmoja. Mkono kwenye bomba la kurudi nao ulitosha mara nyingi. Bomba la kurudi likiwa na joto sawa na la kwenda, maji yanapita mengi mno bila kuacha kitu chumbani. Likiwa baridi kabisa, hayapiti.

Deni la chumba cha 6 halijalipwa. Kinafika digrii 20 saa moja na nusu baada ya wenzake, kwani mita 32 za koridoni zinapasha korido kwanza. Dawa yake ni kukigawa kuwa mizunguko miwili, na manifoldi haina tundu la tisa. Tumepanga kuiongezea tundu msimu wa baridi ukipita. Kwa sasa ndani ya mlango wa kabati kuna karatasi iliyowekwa plastiki: urefu wa kila mzunguko, lita zake, namba ya waya wake, na chini kabisa kwa mwandiko wa kijana wa mapokezi, "Namba 6 iwashwe saa tisa alasiri, zingine saa kumi na nusu."